Mwokaji Achagua Nyumba

Mwokaji alipoambiwa kwamba siku hizi nyumba ya likizo huchaguliwa kwenye simu, aliuliza kama na usingizi nao wataulala humo humo ndani ya simu. Binti yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, viatu bado miguuni, katoka kazini ofisi ya bima, na kidole chake kilikuwa kinasukuma picha moja baada ya nyingine: kitanda cheupe, dirisha, kitanda kingine cheupe, maua ndani ya chupa.

"Baba, tazama hii. Ina jiko, ina friji, mashuka wanatoa wao. Mnajipikia wenyewe. Na chemchemi iko karibu."

"Karibu na nani?"

"Imeandikwa karibu."

"Aliyeandika ana miguu miwili mizima," mzee alisema.

Mwenye safari yake, mke wa mwokaji, alikuwa kwenye kiti cha mbao mlangoni pa jikoni, mkongojo umelala mapajani. Alivunjika nyonga bafuni mwaka uliopita, akatiwa chuma hospitalini, akaanza kujifunza kutembea upya, chumbani mpaka sebuleni, sebuleni mpaka barazani. Tangu alipokuwa bibi arusi alitaka kwenda kuiona chemchemi ya maji moto ya mji ule mdogo, ambao watu wanausafiria kutoka mbali kwa sababu ya maji hayo tu. Lakini tanuri la mkate halifungwi. Mwaka mmoja lilikuwa na kazi ya harusi, mwaka mwingine mumewe alikuwa na homa na yeye ndiye aliyekanda, na miaka mingine hakukuwa na sababu yoyote, ila ilipita. Sasa alikuwa amesema anakwenda, na alikuwa ametoa sharti lake mbele ya ukoo mzima.

"Majini nitakwenda kwa miguu yangu. Siku nitakayobebwa kwenda kuoga, mjue ndiyo siku mnayoniosha."

Hoteli nayo aliikataa. Daktari alimkataza chumvi, na wapishi wa hoteli, kwa maneno yake, hutia chumvi hata kwenye chai. Ikabaki nyumba ya kujipikia, na kazi ya kuichagua ikamwangukia mumewe, ambaye hakuwahi kuchagua nyumba maishani mwake.

Zamani mtu akitaka kwenda mji wa watu hakuchagua nyumba, alitafuta mtu. Palikuwa na shangazi wa fulani, au mtoto wa baba mdogo wa jirani, ukafika na mfuko wako mkononi, ukapiga hodi, ukawekewa maji ya kuoga na godoro likashushwa juu ya kabati. Ukikaa sana walikusema chini chini jikoni, lakini hawakukufukuza, na ulipoondoka walikusindikiza hadi kituoni wakiwa na furaha ya kweli. Siku hizi shangazi wa fulani ameweka kufuli la tarakimu mlangoni, na wageni wake wanampa nyota kama mtoto wa chekechea.

"Nitakwenda kuziona kwa macho," mzee alisema. "Picha haina mteremko."

"Basi Jumamosi nitakupeleka," binti akasema. "Lakini baba, ukiziona, ziangalie kwa macho ya mama."

"Mimi na mama yako tumekaa pamoja kabla yako," mzee akajibu, na kwake yeye hilo lilitosha.

Huyu alikuwa mtu aliyezeeka mbele ya moto. Mtaa wao wote ulikuwa unaamshwa na harufu ya mkate wake. Watu walijipanga nje na mifuko ya nguo, wakisemana, wakiulizana hali za wagonjwa, na aliyekosa kuonekana siku mbili alipelekewa mkate nyumbani na kuulizwa kulikoni. Kipimajoto hakuwa nacho. Aliingiza mkono tanurini mpaka kwenye kiwiko akaanza kutaja majina ya watoto wake, kuanzia wa kwanza. Akishindwa kuvumilia kabla ya kufika kitinda mimba, tanuri liko tayari. Binti huyu wa bima ndiye kitinda mimba, naye alikua akijua kwamba jina lake likitajwa ujue moto bado.

Halafu ukaja mkate wa kiwandani, uliokatwa tayari, umefungwa kwenye nailoni, mkate unaokaa wiki nzima ukiwa laini kama maneno ya mkopeshaji. Watu wakauhama ule wa mwokaji mmoja mmoja, wakimwambia wanarudi. Mwenye jengo akabomoa tanuri, na mahali pale sasa panauzwa makava ya simu. Mzee akipita mtaa huo huvuka, akatembea upande wa pili. Nyumbani alibaki na mti wake wa kusukumia unga, na mkate anaomwokea mkewe kwenye sufuria, usio na chumvi, ambao mama yule anautafuna taratibu huku akimtazama.

"Ukoje?" mzee huuliza.

"Kama blanketi," mkewe hujibu. "Lakini blanketi la heri. Nikatie kingine."

Jumamosi walifika kwenye ule mji asubuhi. Chemchemi yenyewe haikuwa tena ile ya hadithi. Ilizungushiwa ukuta, ikawekewa lango, kibanda cha tiketi, vibanda vya kofia, na ubao mkubwa wa kuwafundisha watu namna ya kuingia majini, kama kwamba binadamu alianza kuoga juzi. Mvuke tu ndio haukuwa na habari. Ulipanda nyuma ya ukuta kama ulivyokuwa ukipanda siku zote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyeupe yote. Mwenyewe hakuwapo. Tarakimu za kufuli zilikuja kwenye simu ya binti, mlango ukajifungua, na mzee akasimama kizingitini akapiga hodi kwa mazoea. Hakuna aliyeitika. Kochi lilikuwa chini sana, mtu mwenye nyonga ya chuma akilikalia ndio kwaheri, na kwenye jiko linalometameta palikuwa na sufuria moja yenye ukubwa wa kikombe.

"Hili si jiko, ni picha ya jiko," mzee alisema, akatoka.

Ya pili ilikuwa imeegemea ukuta wa chemchemi kabisa, nyumba ya rangi ya manjano iliyobanduka, taulo zimeanikwa kila mahali hadi juu ya dirisha. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene mchangamfu aliyekuwa akifua taulo za waogaji, na mji mzima ulimwita Mama Taulo. Mzee alienda moja kwa moja jikoni. Aliona jiko la umeme la sahani mbili, moja imepasuka. Akageuka.

"Mzee wangu, hata chumbani hujaingia," Mama Taulo alisema.

"Nimeona jiko."

"Kwani mnakuja kulala au mnakuja kufungua hoteli?"

Binti akaomba radhi kwa macho, akamfuata baba yake ambaye alikuwa tayari barabarani.

Ya tatu ilikuwa juu ya mlima mdogo, nje ya kelele, na uani kwake palikuwa na tanuri.

Tanuri la matofali, la duara, mdomo wake umejengwa vizuri, dohani imekaa inavyotakiwa. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa hesabu, alilijengea wageni wanaopenda kuchoma piza. Mzee hakusikia habari ya piza. Alivua koti akampa binti, akakunja shati, akaingiza mkono ndani mpaka begani. Tanuri lilikuwa baridi, lakini alikaa vile kwa muda, shavu limegusa tofali, midomo inacheza. Binti alisimama na lile koti asijue atazame wapi. Alisikia jina la kaka yake mkubwa, la dada yake, akasikia na lake.

"Kuni zipo?" mzee aliuliza.

"Zipo nyingi," mwalimu akasema.

"Baba," binti alisema taratibu, "umeuona huo mteremko tuliopanda?"

"Nimeuona."

"Na mama?"

"Mama yako atashuka kidogo kidogo. Mazoezi ndiyo dawa, daktari hakusema?"

"Daktari alisema sebuleni mpaka barazani, baba."

Mzee alikwisha kunyoosha mkono. Mwalimu akaupokea, wakapeana ahadi ya wiki moja, kama wanaume wa zamani, bila simu wala nyota.

Jioni alimsimulia mkewe. Alieleza matofali, akaeleza mdomo, akaeleza jinsi dohani ilivyokaa, na namna atakavyowasha alfajiri ili mkate wa asubuhi utoke jua likichomoza. Mikono yake ilikuwa inakanda hewani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kukatizana kwenye mazungumzo haikuwa desturi yao.

"Na kutoka mlangoni mpaka majini," akauliza, "kuna nini?"

"Kuna njia."

"Njia ya namna gani?"

"Njia tu. Inashuka. Ina kokoto kidogo. Pembeni kuna miti, utapenda. Halafu uani, nimekwambia, dohani yake..."

"Baba watoto."

Mikono ya mzee ikasimama hewani.

"Nimekuuliza maji, umenijibu moto." Hakusema kwa hasira. Aliuinua mkongojo mapajani, akaukita sakafuni, akasimama kwa zile hatua zake tatu za kusimama: mkono, goti, pumzi. "Umejitafutia kazi, mume wangu. Sikulaumu, umekaa sana bila kazi. Lakini mimi nitakaa kwenye kiti huko juu wiki nzima, nikiangalia mvuke. Mvuke nauona hata kwenye birika."

Akaenda zake chumbani. Mzee akabaki sebuleni na mikono yake. Ilimuuma. Kila neno la kujitetea alilolishika lilikuwa na tofali ndani yake.

Asubuhi hakumwambia mtu. Alichukua mkongojo wa akiba, ule uliotoka hospitalini, akachukua mti wa kusukumia unga, akararua gunia safi la unga vipande virefu, akapanda gari la kwanza. Aliposhuka alipanda mlima hadi kwenye lango la mwalimu, lakini hakuingia. Alikaa kwenye jiwe, akauweka ule mti nyuma ya goti lake la kulia, akaufunga kwa vipande vya gunia mpaka mguu ukakataa kukunja. Kisha akauchukua mkongojo, akasimama. Mkono, goti, pumzi. Goti halikuwapo, kwa hiyo ikawa mkono na pumzi.

Akaanza kushuka kama atakavyoshuka mkewe.

Kokoto, ambazo jana alizipita bila kuziona, leo zilikuwa zinamkimbia chini ya mkongojo. Mguu uliofungwa ulikuwa unatangulia wenyewe, ukitaka kumfikisha chini kabla ya mwili. Alijaribu kutembea upande upande, akajaribu kinyumenyume. Jasho likamtoka kama yuko mbele ya moto. Muuza machungwa aliyekuwa akipandisha toroli alisimama kumtazama. Mti wa kusukumia ulikuwa umechungulia kwenye pindo la suruali.

"Mzee shikamoo. Huo mguu unakwenda hospitali au unakwenda jikoni?"

"Marahaba. Unakwenda kuoga."

"Basi utafika kiangazi."

Mzee hakusimama. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipokuwa akikosea donge la unga hakulitupa, alilikanda mpaka lijute. Lakini mlima hauna hamira. Mwisho wa mteremko, karibu na ukuta wa chemchemi, palikuwa na mtaro uliokosa mfuniko, ambao mtu mzima huuruka bila kufikiri. Mzee alifikiri. Akaweka mkongojo ng'ambo, akapeleka mguu, na mguu ukakataa. Akaketi kwenye mtaro, mzima mzima, na hakuweza kuinuka.

Hapo ndipo alipomuona mkewe. Hakumuona kwa macho, wala si kama ndoto. Alijua tu kwamba ndiye angekuwa amekaa hapa, watu wa kofia wakikusanyika, wawili wenye nguvu wakimshika kwapa na kumbeba mpaka majini wakimwambia pole, bibi, pole. Na asingeoga. Angerudi nyumbani siku hiyo hiyo, na asingetaka tena kwenda popote.

"Wewe si yule mzee wa jiko?"

Alikuwa Mama Taulo, beseni kiunoni. Alilitua, akamshika mkono, akamvuta kama anavuta shuka kwenye maji.

"Umevunjika?"

"Nimejifunga."

Mama Taulo aliutazama ule mguu, akautazama mti, akaamua kutouliza. Alimuingiza kwake, akampa kiti kirefu cha plastiki, akampa maji ya kunywa. Mzee aliona kwamba kiti kile mtu anaweza kukikalia na kuinuka. Mama Taulo akafungua mlango wa nyuma, ule ambao jana mzee hakuufungua kwa kuwa jiko lilikuwa limekwisha kumkata hamu, akatoka na beseni lake.

"Unakwenda wapi?"

"Kupeleka taulo. Wafanyakazi tunaingilia huku."

Mzee akasimama mlangoni. Nje palikuwa na njia ya saruji, tambarare, imeambaa na ukuta, upana wa kumtosha mama mnene na beseni. Mwisho wake palikuwa na mlango mdogo wa bati uliokuwa wazi, na nyuma ya mlango palikuwa na mvuke.

Hakuufungua mguu. Alichukua mkongojo akatembea vile vile, polepole, mkono wa kushoto ukutani. Ukuta ulikuwa na joto. Hapakuwa na kokoto, hapakuwa na mtaro, palikuwa na kizingiti kimoja kifupi kuliko unene wa mkate. Akavuka. Maji yalikuwa pale pale miguuni pake.

"Wageni wako wanaruhusiwa kupita hapa?" aliuliza, akihema.

"Wakiwa na tiketi na wakinisalimia," Mama Taulo alisema. "Mwenye hii chemchemi anataka taulo safi, kwa hiyo hanisumbui. Lakini jiko langu ni lile lile, mzee wangu. Sahani moja ndiyo inayowaka."

"Inatosha."

Alifungua mguu, akaupanda tena ule mlima, safari hii kwa magoti yake mawili. Mwalimu alikuwa anamwagilia maua.

"Nimekuja kurudisha mkono," mzee alisema.

"Tulipatana, mzee."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ningeweza kumwambia binti akupigie simu, ukaniona mtu wa siku hizi."

"Tanuri lina kasoro?"

Mzee alilitazama. Lilikuwa limemwachamia mdomo, na aliona haya mbele yake kama mbele ya mtu. "Halina. Lingenifaa sana mimi. Lakini mwenye safari si mimi."

Mwalimu alitikisa kichwa, akafunga bomba, akampa mkono mara ya pili. Akamwambia akitaka siku moja apande aoke, kuni zipo. Mzee akashukuru, akashuka bila kugeuka nyuma.

Walifikia kwa Mama Taulo mwezi uliofuata, kwa gari la binti, ambaye alitazama jiko, akamtazama baba yake, akaanza kushusha mifuko. Siku ya kwanza mkewe alilala. Siku ya pili, baada ya chai, alisema yuko tayari. Mzee alifungua mlango wa nyuma, akakibeba kile kiti cha plastiki kichwani.

"Hicho cha nini?"

"Ukichoka."

"Tembea nyuma basi. Na usinishike."

Akaanza. Mkongojo, mguu, mguu mwingine unaburutwa. Mkono wa kushoto ulikuwa ukutani. Mzee alikuwa nyuma yake na kiti, akitembea kwa hatua ndogo za kuchekesha, mikono imeshika miguu ya kiti ili isishike kitu kingine. Katikati ya njia mkewe alisimama. Mgongo wake ukapanda, ukashuka. Mzee alitua kiti nyuma yake. Mama alikikalia, akapumua, akakaa kiasi alichotaka, akasimama peke yake. Karibu na mlango wa bati mfanyakazi mmoja wa chemchemi aliwaona, akaja mbio na mikono mbele.

"Bibi, ngoja nikubebe."

"Mwanangu, nimetoka mbali kuja kutobebwa," mama alisema. "Nipishe."

Alikivuka kizingiti kwa kukitazama kwanza, kisha mkongojo, kisha mguu wenye chuma. Ukingoni palikuwa na benchi la saruji lililoloa. Akaliendea, akaketi, akavua viatu kwa kidole cha mguu, kimoja, kingine, akaishusha miguu yote miwili majini. Mvuke ulimpanda usoni. Mzee alisimama na kiti chake, akingoja aulizwe jambo, au aambiwe jambo. Mkewe alifunga macho, na mzee, aliyekuwa na maneno ya kutosha kuhusu tiketi, ukuta na ule ubao wa maelekezo, aliyameza yote.

"Yana joto," mkewe alisema mwishowe.

"Sana?"

"Yanatosha. Ingiza miguu yako uone."

Mzee alivua viatu akaketi kando yake. Waogaji walikuwa wanapita, wengine na simu mikononi, na hakuna aliyewajali wazee wawili kwenye benchi.

"Kesho," mkewe alisema, macho yakiwa bado yamefumba, "hicho kiti kiache nyumbani."